Mwaka wa Samaki Wasio na Nzi

Tulimzika Mama Otieno kwao ziwani mwezi uliopita, mchana wa jua kali, na baada ya kaburi kufunikwa wageni tulielekezwa chini ya turubai tukale. Kulikuwa na wali, ugali, nyama ya ng'ombe, kuku na mboga za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa. Samaki hakuwapo. Nilitazama sufuria moja baada ya nyingine nikidhani nimepitwa, maana sijawahi kwenda matanga upande ule nikakosa samaki, na ziwa lenyewe tulikuwa tunaliona kutoka pale tulipoketi. Otieno, mwanawe wa kwanza, ambaye nilimjua akiwa na sare ya shule ya msingi na sasa ni baba wa watoto, aliona macho yangu yanazunguka. Akainama karibu na sikio langu. "Anti, unatafuta samaki? Mama hakuingiza samaki kwa nyumba yake tangu tutoke Kericho. Sisi tukitamani tulikuwa tunaenda kwa jirani." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja kwamba mamake hakupenda sukari kwenye chai. Mimi sahani iliniwia nzito mkononi.

Nimefanya kazi ya usafi wa chakula maisha yangu yote ya utu uzima. Nimefundisha wapika mandazi, wachinjaji, wauza maziwa, na siku hizi vijana wanaopeleka minofu ya samaki na maparachichi ng'ambo. Huwa ninawaambia wasiiogope sheria. Sheria nyingi za chakula, ukizivua koti lake la maneno magumu, ni mambo ambayo mama yeyote mwangalifu huyafanya jikoni mwake: osha, funika, tenga kibichi na kilichopikwa, usiuze usichoweza kumlisha mtoto wako. Wengi hutabasamu wakisikia hivyo, wakasogeza viti karibu, na somo likaendelea vizuri. Lakini lipo swali moja ambalo sikufundishwa kulijibu chuoni. Nilikutana nalo mwaka wa tisini na tisa, mwaka wangu wa kwanza kazini, na aliyeniuliza ni mama huyu tuliyekuwa tumetoka kumfunika udongo.

Nilikuwa nimepelekwa kwenye senta ndogo kando ya barabara ya kutoka Kericho kwenda Bomet, mahali ambapo majani chai ya kampuni yanaishia na mashamba ya watu yanaanza. Upande mmoja ulikuwa na nyumba za wafanyakazi wa kampuni, zilizopangwa mistari, ambazo sote tuliziita laini. Upande wa pili kulikuwa na soko, bucha, kinu cha kusagia mahindi na vyumba vya kupanga. Chumba changu kilikuwa cha mbao na mabati. Ukuta uliokitenga na cha jirani ulikuwa mbao tupu zilizokauka na kuachana, hata mwanga wa taa ya jirani uliingia kwangu kwa mistari, na maneno yake yaliingia yote. Jirani huyo alikuwa Mama Otieno, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, muuza samaki. Jioni ya kwanza alinikuta nikihangaika na jiko la mkaa lililolowa, akanitazama, kisha akalinyanyua jiko langu akaliweka kwake penye moto. "Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hapa mvua inanyesha kila siku saa nane. Mkaa unalala na wewe kitandani, ama ulale njaa."

Kwake ndipo nilipoonja samaki mara ya kwanza. Sisi Wakipsigis wa vijijini tulikua tukimwona samaki kama ndugu wa nyoka, na nyumbani kwetu Sigor hakuna aliyewahi kumleta. Alichopika Mama Otieno, tena, hakikuwa samaki mzima. Kilikuwa kile kinachoitwa mgongo wazi. Nieleze, kwa sababu vijana wengi hawajui. Mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa, alikuwa akipelekwa kwenye viwanda vya ziwani, minofu yake miwili inakatwa, inagandishwa, inapandishwa ndege kwenda Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania mfupa. Hicho ndicho kilichouzwa kwetu. Mama Otieno alikikaanga mpaka mifupa ikalegea, akakichemsha na nyanya na kitunguu, akanipa na ugali mgumu wa mahindi. Nilikula nikiwa nimefumba macho. "Fumbua," akasema, "huyu hana miguu, hatakimbia." Nilipomaliza kichwa changu cha mbuta nikawa ninakiangalia chake, akacheka mpaka akashika ubao wa ukuta.

Mumewe, Baba Otieno, alikuwa mkata minofu katika kiwanda kimoja kule ziwani, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuwa mtu mdogo, mtaratibu, mwenye kucha safi kuliko za mwalimu yeyote niliyemjua. Chakula kikishaliwa alipenda kueleza kazi yake, na mimi niliyetoka chuoni juzi nilipenda kumsikiliza. "Kabla uingie, unaosha buti," alisema. "Unaosha mikono, unapita kwa maji ya dawa. Uko na kikohozi, unarudishwa. Kucha ndefu, unarudishwa. Pete, unarudishwa."

"Na bibi?" akauliza Mama Otieno.

"Bibi anarudishwa kwa geti."

"Ndiyo maana hujawahi nipeleka."

Alituambia pia jinsi wageni kutoka ng'ambo walivyokuja kukagua, wakachomeka kipimajoto ndani ya mnofu, wakasimama wakingoja kama mtu anayengoja kuamkuliwa. Niliona fahari katika sauti yake. Mnofu uliotoka mkononi mwake ungeliwa na mtu asiyemjua, katika mji asioweza kuutaja, na mtu huyo asiumwe tumbo. Nadhani hiyo ni fahari halali kabisa, na hata leo nikiwafundisha vijana ninaitafuta machoni mwao kabla ya kutafuta kitu kingine.

Kisha mvua za masika zikaanza, na redio ikatangaza kwamba Ulaya imeacha kununua samaki wa ziwa letu. Sababu ilikuwa sumu. Wavuvi wachache waliotaka njia ya mkato walikuwa wakimwaga dawa ya kuua wadudu majini, samaki wanaelea, wanaokotwa na kuuzwa kama wengine. Wanunuzi wa ng'ambo hawakuwa na njia ya kujua ni yupi aliyevuliwa kwa nyavu na yupi aliyeuawa kwa dawa, na sisi hatukuwa na maabara ya kutosha kuwathibitishia, kwa hiyo walifunga mlango wote. Walitaka kwanza wakaguzi wanaoaminika, vipimo, maji safi na barafu mahali mitumbwi inapotia nanga. Nilipoisikia habari ile nilisema moyoni, ni sawa. Bado nasema ni sawa. Mtu ana haki ya kukataa chakula asichokijua. Jambo ambalo redio haikulisema, na ambalo mimi sikuliwaza, ni kwamba samaki aliyekataliwa hapotei. Lazima aende mahali.

Alikuja kwetu. Baba Otieno alirudi katikati ya mwezi, buti zake nyeupe zimefungwa kwa kamba na kuning'inia begani, akaziweka chini ya kitanda. Wiki hiyo hiyo gari la samaki lililozoea kuleta mifupa lilishusha mbuta wazima, wanono, wenye nyama nyeupe ya kujaa sinia. Mama Otieno alisimama mbele yao kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bwana mkubwa. Viwanda havikuwanunua tena, na bei ilikuwa imeshuka mpaka mchuma chai aliweza kubeba nusu ya samaki nyumbani. Siku za kwanza ilikuwa sherehe. Laini nzima ilinukia samaki, hata msimamizi wa kituo cha kupimia majani akawafukuza akina mama waliopita karibu na vikapu, kwa sababu majani chai hushika harufu ya chochote. "Mtafanya Mzungu akunywe chai ya samaki!" aliwapigia kelele. "Si amekataa samaki yenyewe?" akajibiwa. "Mpe na chai!"

Sherehe ilikatwa na uvumi. Mchuma chai aliyetoka likizo kwao ziwani alileta elimu mpya: samaki aliyeuawa kwa sumu, nzi hamkaribii. Naomba msimcheke. Kule ziwani jambo hilo lina akili ndani yake. Kule ni joto, nzi wako kila mahali, na samaki anayekaa juani bila nzi hata mmoja anakupa sababu ya kushuku. Lakini senta yetu iko juu, kwenye baridi. Wakati wa masika ukungu unaketi sokoni mpaka saa tano, watu wanauza wakiwa wamejifunika mablanketi, na nzi, ambao hawana blanketi, hawatoki. Samaki wa Mama Otieno waliofika alfajiri walilala mezani asubuhi nzima, wanang'aa, safi, bila nzi. Na watu wakaanza kuwatazama.

Aliyelisema kwa sauti wa kwanza alikuwa Kogo Taprandich, mwanamke mzee wa pale pale aliyeuza maziwa kwenye meza ya pili. Kogo kwa Kikipsigis ni nyanya, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mpole, ila ulimi wake haukuwa na breki.

"Mama Samaki," alisema, "watu wako wamelala vizuri. Hata nzi hawaamshi."

"Nzi bado wamelala, Kogo. Baridi hii hata mimi nimeamka kwa sababu ya watoto."

"Lakini mimi nimezeeka hapa, sijaona kitu ya kunuka haina nzi."

"Samaki yangu hainuki!"

"Hiyo ndiyo nasema," akajibu Kogo. "Kwa nini hainuki?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kumchagua samaki akamrudisha mezani taratibu. "Nzi akikataa," alisema, "mimi ni nani nikubali?" Alasiri, mvua ilipoanza, Mama Otieno alibeba samaki wote nyumbani, akawakaanga wengine, akawatupa wengine. Kesho yake ikawa vile vile. Na maneno yakabadilika sura, kama maneno yanavyofanya. Mara ya kwanza ilikuwa samaki wana sumu. Baadaye nikasikia, watu wa ziwa wanatuletea sumu. Wale waliokuwa pale miaka ile wanajua kwamba maneno "watu wa ziwa" hayakuwa mepesi. Vita vya makabila vya wakati wa uchaguzi havikuwa vimesahaulika, na kulikuwa na familia katika laini zilizowahi kukimbia na kurudi. Mama Otieno alijua. Siku moja alisimama juu ya kreti na kuuliza soko lote, "Hiyo sumu inatoka wapi? Mvuvi anatengeneza dawa kwa mtumbwi? Si ni ile dawa ya dip mnaogeshea ng'ombe zenu! Inatoka huku kwenu!" Watu walimgeuzia migongo, na jambo hilo halikunipendeza.

Bosi wangu alikuwa Bwana Langat, afisa wa afya, mtu mwenye koti refu la mvua na kikohozi cha miaka mingi, aliyekaribia kustaafu. Alikuja na agizo kutoka wilayani: kila muuza samaki afunike meza yake kwa wavu mwembamba wa waya, nzi wasitue. Agizo lilikuwa zuri. Nzi hutoka chooni na kutua mezani, na kwenye miguu yake hubeba kipindupindu na homa ya matumbo. Mama Otieno alikuwa wa kwanza kutii. Baba Otieno alimpigia fremu ya mbao akanyoosha wavu juu yake, kazi nzuri kama ya kiwandani. Asubuhi wateja walipokuta samaki chini ya wavu waliuliza, "Unaficha nini?" Akifunua, sheria inamshika. Akifunika, soko linamkimbia. Na meza zenyewe zilikuwa za kamati ya soko, na desturi ya kamati ilikuwa kwamba meza inayokaa bila kuuza hupewa mtu mwingine. Alikuwa akikaribia kuipoteza meza aliyoikalia tangu Otieno akiwa mgongoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo na niliamini kwamba mtu akionyeshwa jambo kwa macho yake huliamini. Kwa hiyo asubuhi moja ya ukungu niliazima kwa Kiprono wa bucha paja la ng'ombe aliyechinjwa alfajiri hiyo, wote wakimjua ng'ombe huyo na mwenyewe, nikaliweka mezani kando ya mbuta. Nikawaita watu. "Tazameni," nikasema kwa sauti yangu bora ya chuoni. "Hapa kuna samaki, hapa kuna nyama. Nyama hii ni ya leo, mnaijua. Iko na nzi?" Wakainama, wakatazama. Hakuna. "Basi mnaona? Si sumu. Ni baridi."

Kogo Taprandich akaitazama nyama, akanitazama mimi, akaweka mkono mdomoni. "Woi! Kumbe hata ng'ombe!"

"Alikunywa maji ya dip!" mtu akasema nyuma.

"Chebet!" Kiprono alikuja mbio akiniita jina langu na kufuta mikono kwenye aproni. "Toa nyama yangu hapo! Toa! Nani alikutuma? Serikali inakulipa umalize biashara yangu?" Alilinyakua paja akaliweka begani, akageuka kuwapigia watu kelele kwamba ng'ombe yule hajaonja dip tangu Krismasi, jambo ambalo halikusaidia. Siku hiyo soko halikuuza samaki wala nyama. Mama Otieno alicheka jioni mpaka akalia, halafu nikaona kwamba amekwisha kuacha kucheka na bado analia. Akanimiminia chai. "Umejaribu, nyathina," alisema. "Endelea kujaribu. Lakini sio kwa meza yangu."

Sikujua wakati huo kwamba wauzaji wengine walikuwa wamepata jibu lao. Nyuma ya bucha kulikuwa na sakafu ya saruji ya kuchinjia, damu na matumbo yakitiririka kwenye mfereji, na mahali pale pana joto lake lenyewe. Nzi walikuwapo hata kwenye ukungu. Wauzaji wale waliwaweka samaki wao kando ya mfereji, wakangoja nzi wajae, wakarudi sokoni wakiimba, "Wako na nzi! Wako na nzi! Safi kabisa!" Watu wakanunua. Niliposikia sikuamini, nikaenda kuona, nikawakemea, wakasema ndiyo daktari, na kesho yake wakafanya mapema kabla sijafika. Fikiria jambo hilo pamoja nami. Kila kitu ambacho sheria ya chakula inakikataa kilikuwa kimegeuka kuwa cheti. Na hakuna mjinga hata mmoja pale. Watu walitaka kitu kimoja tu, alama ya kuwaambia kwamba hawatakufa. Mla samaki wa Ulaya alikuwa na maabara. Wa kwetu alikuwa na nzi.

Ugomvi wa nyumba ya jirani niliusikia jioni, nikiwa nimeshika kijiko juu ya sufuria yangu. Baba Otieno alikuwa amegundua mkewe anatoka kwenda nyuma ya bucha.

"Mimi nimefukuzwa kazi kwa sababu ya sumu ya mtu mwingine," alisema, polepole kama kawaida yake. "Sikuimwaga mimi. Nimeosha mikono miaka yote hiyo. Sasa wewe unaenda kutafuta nzi?"

"Natafuta wateja."

"Hiyo ni uchafu, Mama Otieno. Unajua ni uchafu."

"Najua! Unadhani sijui? Lakini usafi wako umetulisha nini tangu urudi? Niambie. Mzungu ameona usafi wako?" Kisha sauti yake ikashuka. "Nikirudi nyumbani na waliobaki nawaosha kwa maji ya moto. Nawaambia watu wakaange sana. Naambia kila mtu."

"Na asiyekaanga sana?"

Nilisikia buti zikivutwa kutoka chini ya kitanda na maji yakimwagwa kwenye beseni. Baba Otieno alikuwa anaosha buti ambazo hazikuwa zimekanyaga popote.

Watoto wa laini walianza kuhara siku za mvua kubwa. Kliniki ya kampuni ilijaa, na binti mmoja mdogo alipelekwa hospitali ya wilaya akiwa amelegea kama kitambaa. Alipona, na ninashukuru kila ninapomkumbuka. Lakini tulipokuwa tukingoja habari zake hakuna aliyejua kwamba atapona. Huenda ulikuwa mto, uliokuwa umejaa matope na kubeba uchafu wa vyoo vya juu. Huenda walikuwa samaki. Huenda vyote. Tulichukua maji kidogo kwenye chupa yakapelekwa mjini, na majibu hayakurudi mpaka naondoka kituo kile. Soko lakini lilikuwa na jibu lake tayari, na jibu hilo lilikuwa na jina la mtu, kwa sababu mama wa yule binti alikuwa amenunua kwa Mama Otieno. Vijana walianza kusimama karibu na meza yake bila kununua kitu.

Bwana Langat alikuja asubuhi na debe la mafuta ya taa. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yetu: chakula kilichoshukiwa kinamwagiwa mafuta ya taa, mtu yeyote asiweze kukila wala kukiuza. Alianza na wauzaji wengine, na wote walikuwa wameona koti lake kutoka mbali wakakimbia na vikapu. Mama Otieno hakukimbia. Alisimama nyuma ya meza, mbuta wanne wakubwa chini ya wavu wa mumewe, na siku hiyo, kwa bahati mbaya au nzuri, hakuwa amewapitisha nyuma ya bucha. Walikuwa safi. Mimi nilijua hivyo kwa macho. Kwa macho tu.

"Mama, funua," Bwana Langat alisema.

"Afisa, wale wa Wazungu walipimwa," alisema Mama Otieno. "Walichukua kipande, wakaweka kwa mashini, mashini ikasema. Hawa wangu nani amewapima?"

"Funua, mama."

"Nauliza tu. Kama mashini itasema ni sumu, mimi mwenyewe nitamwaga. Nani amewapima?"

Bwana Langat alikohoa kwa muda. Alikuwa mtu mwema. "Mama," alisema mwishowe, "mimi niko na mafuta ya taa tu."

Mama Otieno akanigeukia mbele ya soko lote. "Nyathina, wewe umesoma. Umekula kwangu. Hawa samaki wako na sumu, ama hawana?"

Najua alichotaka. Alitaka niseme hawana. Vijana waliosimama pale walitaka niseme wanayo. Neno langu lolote lingekuwa na uzito, na hakuna hata moja ambalo lingekuwa kweli, kwa sababu ndani ya samaki huoni kwa macho. "Sijui, Mama," nikasema. "Hakuna mtu hapa anajua. Hakuna aliyepima." Nililisema kwa Kiswahili, nikalirudia kwa Kikipsigis kwa wale vijana, na nikaongeza kwamba hata wao hawajui, hata kuhusu yule mtoto. Mama Otieno alinitazama, kisha akaufunua wavu mwenyewe, akachukua debe mkononi mwa Bwana Langat na kuwamwagia samaki wake, mmoja mmoja, bila kumwaga tone nje ya meza.

Kamati iliichukua meza. Hawakumfukuza kwa maneno. Walimpa muuza kabeji, na muuza kabeji akaja na kabeji zake. Baba Otieno alikuwa amepata kibarua cha kukata miwa upande wa Fort Ternan, kule chini kwenye joto, na wakaamua kuhama. Miezi ilipopita viwanda vilifunguliwa tena, wakaguzi wakapatikana, vipimo vikaanza, na nasikia hata yeye aliitwa arudi kazini. Minofu ikapanda ndege kama zamani. Ilikuwa haki vifunguliwe, na kazi kubwa na nzuri ilifanywa na watu wetu ili vifunguliwe. Mimi mwenyewe nimefundisha baadhi yao. Ila kila ninapoingia katika maabara hizo zinazong'aa huuliza swali moja ambalo wenyeji wangu hawalipendi: na yule anayeuzwa sokoni, anapimwa wapi? Mara nyingi jibu ni lile lile nililolitoa mimi. Ninawasihi vijana walitoe kwa sauti, bila aibu, kwa sababu pale ambapo hatusemi kwamba hatujui, kuna mtu atakayesema anajua.

Siku waliyohama, pikapu ilisimama mbele ya vyumba vyetu ikiwa na kitanda, masinia na ule wavu wa waya umekunjwa. Nilikuwa ninamsaidia kufunga kamba nilipomwona Kogo Taprandich akija kupitia matope, polepole, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyolazwa mpaka yakaganda, kimefungwa kwenye shuka yake. Mama Otieno alimwona pia, akaendelea kufunga.

"Mimi sikusema wewe ni mbaya," Kogo alisema alipofika. "Nilisema samaki."

"Nilisikia ulichosema."

"Njia ni mrefu. Kunywa."

Mama Otieno alikishika kibuyu. Nilijua jinsi maziwa yale yalivyokaa siku nyingi ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa majivu ya mti, bila kipimajoto, bila wavu, bila karatasi. Nilikuwa nimevaa koti langu jeupe la kazi. Niliendelea kufunga kamba. Alikifungua, akainua kichwa, akanywa mpaka mwisho huku Kogo akilitazama koo lake likipanda na kushuka. Kisha akafuta mdomo kwa kiganja, akamrudishia mwenyewe kibuyu, na kuingia ndani ya gari.